Umepiga dawa ya magugu kwenye karanga na mambo hayajaenda: kosa liko wapi?

Mvua zikishashika, kuanzia Desemba hadi Januari, watu huniletea miche kwenye viroba. Wengine huleta karanga zilizojikunja, wengine huleta magugu mabichi kabisa yenye afya kuliko mimea yao. Kabla sijafungua kiroba hukumu huwa imeshatoka: "Dawa feki hii." Kweli zipo feki, na nitazisema. Ila katika mashamba niliyopita, ya kwetu Isimani mkoani Iringa, ya Usangu na ya Chunya kule Mbeya ninakokwenda kupiga dawa kwa kibarua, mara nyingi kosa lilikuwa kwenye bomba la kunyunyizia, kwenye siku ya kupiga, au chupa ilikuwa ya zao jingine. Shamba lenyewe hukwambia ni lipi, ukilitazama kabla ya kukimbilia dukani kununua chupa ya pili.

Anza kwa kutembea. Usishike kitu, tembea tu, kutoka kichwa hadi kichwa cha shamba, ukiangalia madhara yamekaa kwa umbo gani. Mistari inayofuata njia aliyopita mpigaji inaonyesha bomba au mwendo. Viraka vilivyo kwenye mabonde tu au kwenye mchanga tu vinaonyesha udongo na maji. Upande mmoja wa shamba, unaopungua kadiri unavyoingia ndani, ni upepo kutoka kwa jirani. Shamba zima sawasawa, ni dawa yenyewe, kipimo, au hali ya hewa. Na mche mmoja mmoja, huku na kule, bila mpangilio? Hapo acha kuwaza dawa, fikiria ugonjwa au wadudu.

Ukitoka hapo uwe na majibu matatu: dawa gani (si jina la mbele tu, soma kiambato kwenye lebo, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi), ilipigwa siku ya ngapi baada ya kupanda, na bomba lilitumika wapi mara ya mwisho. Swali la tatu ndilo watu hulisahau, na ndilo lililonigharimu mimi.

DALILI YA KWANZA: Umepiga dawa ya kuzuia magugu yasiote, na yameota kama kawaida

Hapa tunasema dawa zinazopigwa juu ya udongo baada ya kupanda, kabla karanga hazijatoka: pendimethalini, S-metolaklori na ndugu zake. Haziui gugu lililokwisha simama. Zinakaa kwenye tabaka la juu la udongo zikisubiri mbegu ya gugu ichipue ndani yake.

Chanzo kinachoongoza, hasa huku kwetu Isimani, ni ukavu. Mtu amepanda kwa mvua ya kwanza, amepiga dawa, kisha jua likawaka wiki mbili. Dawa imekaa juu ya vumbi ikapigwa na jua, haikupata maji ya kuishusha pale mbegu za magugu zilipo. Mvua ya pili ikaamsha vyote pamoja, na magugu yakapita. Dawa hizi hutaka udongo uwe na unyevu unapopiga, na mvua ya wastani ndani ya siku 7 hadi 10. Kagua hivi: fukua kwa kidole mahali magugu yalipoota kwa wingi. Kama mizizi ni mirefu, myeupe na safi, dawa haikuyagusa. Kama mizizi ni mifupi yenye vifundo na mche umedumaa, dawa ipo ila haikutosha.

Chanzo cha pili ni kuchelewa. "Nilipiga siku ya sita," mtu anasema, akiona ni mapema kwa kuwa karanga zilikuwa hazijatoka. Karanga huchukua siku 7 hadi 10 kutoka, na zaidi kwenye baridi ya juu kama Mbozi, lakini magugu hayasubiri karanga. Siku ya nne au ya tano ukipapasa udongo utaona nyuzi nyeupe nyembamba zimeshaanza kupanda. Piga siku ile ile ya kupanda au kesho yake. Siku ya tatu iwe mwisho.

Cha tatu ni mabonge. Shamba lililolimwa kwa trekta na kuachwa na mabonge ya ukubwa wa kichwa cha mtoto halitapata dawa sawasawa. Bonge likivunjika kwa mvua hutoa udongo mpya usioguswa, na magugu huota pale pale lilipokuwa. Utaona viraka vya duara. Mabaki mengi ya mabua ya mahindi hufanya hivyo hivyo, yanazuia dawa isifike chini.

Cha nne, kipimo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo fedha nyingi huishia.

Dukani utaambiwa "vizibo vitatu kwa bomba". Vizibo vya chupa ipi? Na mpigaji yupi? Chukua bomba lako la lita 16, weka maji matupu, pima eneo la mita 10 kwa 10 kwenye ardhi kama ya shamba lako, ulipige kwa mwendo wako wa kawaida. Kisha jaza maji yaliyopungua kwa jagi lenye alama. Tuseme zimeingia lita 2. Ekari moja ni kama maeneo 40 ya namna hiyo, kwa hiyo utatumia lita 80, yaani mabomba matano. Lebo ikisema lita 3 kwa hekta, ugawe kwa ekari mbili na nusu, unapata lita 1.2 kwa ekari. Gawa kwa mabomba matano: mililita 240 kila bomba.

Sasa mchukue kijana aliyelipwa kwa ekari, anayetaka kumaliza kabla ya saa nne. Anatembea haraka, kwenye eneo lile lile anatumia lita 1.2. Ekari yake inaisha kwa mabomba matatu. Kwa mililita zile zile 240, ameweka mililita 720 mahali pa lita 1.2. Magugu yatacheka. Na mzee anayetembea polepole anayemaliza lita 3 kwenye eneo hilo atatumia mabomba saba na nusu, ataweka lita 1.8, na karanga zake ndizo zitakazolia. Duka ni moja, chupa ni ile ile na vizibo ni vile vile vitatu. Ndiyo maana sikubali mtu anipangie vizibo kabla sijapima miguu ya mpigaji.

Cha tano, umevuruga udongo baada ya kupiga. Mbuzi wamepita, au umerudi na jembe "kusawazisha". Tabaka la dawa likivunjwa limevunjwa.

Cha mwisho, baada ya hivyo vyote, ni dawa iliyokwisha muda, iliyokaa juani dirishani, au feki. Tazama tarehe, namba ya usajili kwenye lebo, kifuniko kama kilikuwa na muhuri. Dawa ya maji ya jamii hii ukiidondosha kwenye glasi ya maji inapaswa kuyageuza meupe kama maziwa. Ikitulia juu kama mafuta ya taa au ikizama bila kuchanganyika, usiipige. Glasi hiyo isirudi jikoni.

Ufumbuzi, kama karanga zimeshatoka: usirudie dawa ile ile, haitaua kilichoota. Palilia kwa jembe mara moja, mapema, kabla ya maua. Au tumia dawa za kuua magugu yaliyoota, kama nitakavyoeleza. Kwenye wiki sita za mwanzo karanga hazivumilii kushindana na magugu. Ukipoteza wiki hizo hata ukisafisha baadaye mzigo umeshapungua.

DALILI YA PILI: Magugu yamekufa kwa mistari, katikati yamebaki mabichi

Hii ni nozeli, kile kichwa cha fimbo kinachotoa dawa, au ni mkono. Nozeli ya dawa ya wadudu hutoa ukungu wa duara. Ya magugu hutoa upepeo bapa. Wengi hutumia ile iliyokuja na bomba kwa kila kazi. Pili, fimbo imeshikwa chini mno, upepeo haukukutana na wa mstari wa jirani. Sentimita 50 juu ya udongo inatosha. Tatu, nozeli imechakaa au imeziba kwa mchanga. Pima: nyunyiza kwenye jagi kwa dakika moja, fanya hivyo na nozeli mpya ya aina ile ile. Ya zamani ikitoa zaidi ya sehemu moja ya kumi juu ya mpya, tupa. Usizibue kwa sindano, wala usipulize kwa mdomo, hata kama umemwona baba yako akifanya hivyo miaka yote. Mswaki wa zamani na maji vinatosha.

DALILI YA TATU: Aina moja imekufa, nyingine imenawiri

Mama mmoja wa Pawaga aliniita nikamkuta amesimama katikati ya shamba, mikono kiunoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Mwanangu, hebu niambie. Nyasi zote zimekauka, mchicha pori umekuwa kama nimeutilia mbolea. Dawa gani inabagua?"

Inabagua kweli, mama. Ndivyo ilivyotengenezwa. Kwizalofopu, haloksifopu, fluazifopu: hizi huua jamii ya nyasi tu, haziumizi karanga na mchicha pori hauzijui. Ukizipiga kwenye kishona nguo ni sawa na kukiogesha. Na nyasi zilipotoa nafasi, majani mapana yalichukua mwanga wote.

Kinyume chake ni bentazoni, inayochoma majani mapana na baadhi ya ndago, na kuziacha nyasi. Hii haisafiri ndani ya mmea. Inaua pale ilipogusa, kwa hiyo inataka maji mengi zaidi, gugu dogo lenye majani mawili hadi sita, na jua. Kongwa, lile jani la kutambaa lenye ua dogo la buluu, likishatanda halitikisiki. Likikatwa kwa jembe kila kipande chenye kifundo huota upya. Ling'oe ulitoe nje ya shamba.

Kwa nini tusichanganye zote mbili kwenye bomba moja? Kwa sababu bentazoni hupunguza nguvu ya ile ya nyasi. Piga ya nyasi kwanza, acha siku kadhaa, kisha bentazoni. Imazethapiri hugusa makundi yote mawili, lakini hukaa ardhini muda mrefu. Kama mwakani shamba hilo ni la mboga, soma kwanza sehemu ya lebo inayohusu zao linalofuata.

Usidhani dawa ya nyasi imeshindwa kabla ya wiki. Siku tatu za kwanza hakuna kinachoonekana. Siku ya saba vuta jani la katikati la nyasi: likichomoka laini, na chini limeoza rangi ya kahawia, dawa imefanya kazi, nyasi itakauka yenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Likikataa kuchomoka, ama nyasi ilikuwa kubwa mno, ama ilikuwa imenyauka kwa kiu ulipopiga, ama mvua iliwahi.

Na ndago? Si nyasi, ingawa inafanana. Viringisha shina lake kati ya vidole, utahisi pembe tatu. Dawa za nyasi haziigusi. Chimba uone vijiazi vyake: kikiwa kimoja mwishoni mwa kila mzizi, na ua lake ni la njano-kahawia, bentazoni ikirudiwa baada ya siku 7 hadi 10 huipunguza, na S-metolaklori wakati wa kupanda huizuia kiasi. Vikiwa vimeungana kama shanga kwenye uzi, na ua ni la zambarau, hiyo ndiyo ndago sugu. Hakuna dawa ya kupiga juu ya karanga ninayoweza kukuahidi. Shamba hilo lisafishwe kabla ya kupanda, au lipewe zao jingine.

DALILI YA NNE: Ulisafisha shamba kwa glaifosati kabla ya kupanda, magugu yakageuka njano, kisha yakafufuka

Maji machafu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Glaifosati hushikana na udongo wa mfinyanzi. Ndiyo maana ikianguka ardhini haifanyi kitu tena. Ukichota maji ya tope kwenye lambo au mfereji wa Usangu umeshaipa udongo wa kushikana nao ndani ya bomba. Maji ukiyaweka kwenye chupa angavu na huoni vidole vyako upande wa pili, hayafai. Pili, magugu yenye vumbi, ya kando ya barabara hasa, kwa sababu hiyo hiyo. Tatu, mvua ndani ya saa sita. Nne, na hili ni la sangari na ukoka: umelima mapema mno. Dawa inahitaji muda kushuka hadi kwenye mizizi. Ukilima siku ya tatu umeikata njiani, na kila kipande cha mzizi ni mche mpya. Subiri angalau siku saba, kumi ni bora. Na uipige sangari ikiwa na majani mabichi ya kutosha, si ile iliyotoka kuliwa na ng'ombe jana.

Karanga zikishatoka, glaifosati haina kazi tena katika shamba hilo. Haichagui.

DALILI YA TANO: Karanga zenyewe zimeumia

Hapa tuliza moyo kwanza, kwa sababu nusu ya ninazoletewa hupona zenyewe, na mwenye shamba huziumiza zaidi kwa kumwaga mbolea ya majani na "vitamini" alizouziwa kwa hofu.

Madoa ya kuungua, ya shaba au ya kahawia, kwenye majani yaliyokuwepo siku ya kupiga. Chanzo cha kawaida ni bentazoni au dawa yenye mafuta iliyopigwa saa sita mchana, au kipimo kilichozidi. Angalia jani jipya la katikati. Likitoka safi, ondoka shambani, ndani ya wiki mbili hutaona tena.

Karanga zimechelewa kutoka, zimetoka nene chini, mizizi ya pembeni mifupi kama vidole vilivyokatwa. Hii ni dawa ya kabla ya kuota iliyofika kwenye mbegu. Kwanza fukua upime kina: mbegu iliyo sentimita 2 chini imelala ndani ya dawa, inatakiwa iwe kama sentimita 5, na ifunikwe vizuri. Pili, mchanga mwepesi wa sehemu nyingi za Chunya haushiki dawa, mvua kubwa ya siku moja huishusha yote. Kwa mchanga tumia kile kipimo cha chini kwenye lebo, si cha juu. Tatu, baridi na maji yaliyotuama vikiungana na S-metolaklori hudumaza. Jua likitoka hupata nafuu.

Pembe za majani ya chini zimekuwa njano, kisha kahawia, na njano inaingia kati ya mishipa. Uliza mara mbili ni chupa gani ilitumika. Mara nyingi ni dawa ya mahindi. Atrazini inauzwa yenyewe, na pia ikiwa imechanganywa na S-metolaklori kwenye chupa moja. Mtu anasikia "metolaklori ni ya karanga", anachukua yenye mchanganyiko. Soma viambato vyote, si cha kwanza tu. Chanzo kisicho cha kawaida, ila kipo, ni mabaki ya msimu uliopita kwenye shamba lililopigwa atrazini nyingi na kufuatiwa na ukame.

Mashina yamejipinda kama mkia wa kinyonga, vikonyo vimenyongorota, majani yamejikunja kuwa vikombe. Hii ni 2,4-D, na hii ndiyo yangu.

Msimu huo bomba langu lilipasuka mpira. Mjomba wangu, mkulima wa mpunga Mbarali, akanipa lake. "Nimelisuuza, mjomba," akasema, na ni kweli alilisuuza, kwa maji ya mfereji, mara moja. Nilitia dawa yangu ya nyasi, salama kabisa kwa karanga. Kesho yake jioni miche ya mistari ya kwanza ilikuwa imelala ubavu. Bomba la kwanza liliumiza vibaya, la pili kidogo, la tatu karibu si kitu, na ukisimama kwenye kichuguu ulikuwa unaona ngazi tatu za rangi shambani. Hapo ndipo nilipojifunza kusoma umbo. Kwenye mpunga na mahindi 2,4-D ni ya kawaida, inaua majani mapana. Karanga ni jani pana.

Kwa hiyo chanzo namba moja ni mabaki ndani ya bomba: kwenye mpira, kwenye chujio, kwenye fimbo. Suuza mara tatu, kila mara ukisukuma maji yatoke kupitia nozeli, na katikati loweka maji ya sabuni ya unga usiku mzima. Nozeli na chujio vifunguliwe vioshwe pembeni. Maji ya kuoshea yasielekezwe mtoni wala kwenye kisima. Ila kwa uzoefu wangu, nunua bomba la pili uliandike KARANGA kwa rangi, ni nafuu kuliko ekari. Chanzo cha pili ni upepo kutoka kwa jirani. Utaona madhara upande wake, yakififia kuja kwako. Mchana hewa ya huku ikichachamaa, na wa Makambako wanalijua hili kuliko sisi, matone yanasafiri mbali. Zungumza na jirani apige alfajiri. Karanga zilizojipinda kidogo hunyooka na kuendelea. Zilizopasuka shina hazirudi.

Mwisho kuna miche michache, iliyotawanyika, imedumaa, majani madogo ya njano yamerundikana kama kichaka. Geuza majani machanga uangalie chini: ukikuta vidukari, huo ni ugonjwa wa rozeti, virusi vinavyoletwa na vidukari. Dawa ya magugu haihusiki. Ng'oa miche hiyo mapema, na mwakani panda mapema na kwa nafasi ya kubana, sentimita 50 kwa 10, maana vidukari hupenda shamba lenye mapengo.

DALILI YA SITA: Shamba lilikuwa safi, magugu yamekuja karanga zikiwa na maua

Maua huanza kama siku 30 hadi 40 baada ya kupanda. Wiki moja hivi baadaye hushuka sindano, ule ujiti unaotoka kwenye ua na kuingia ardhini kwenda kutunga karanga. Jembe likipita hapo linakata mavuno yenyewe. Ng'oa kwa mkono, magugu marefu tu, yale yatakayotoa mbegu. Dawa kwa wakati huu sipigi, isipokuwa lebo iruhusu waziwazi na siku za kusubiri hadi kuvuna zitimie. Kama unawalisha mbuzi majani ya karanga, tazama pia lebo inasemaje kuhusu malisho.

ACHA HAPO, ITA MTU

Mtu akiumwa kichwa, akitapika, akitoka jasho jingi au macho yakafifia wakati au baada ya kupiga dawa, kazi imeisha siku hiyo. Mvue nguo, muogeshe kwa sabuni, mpeleke kituo cha afya pamoja na chupa au lebo yake, maana daktari anatibu kiambato. Usimlazimishe kutapika na usimnyweshe maziwa. Maziwa si tiba ya sumu, ingawa kijijini kila mtu atakwambia vinginevyo. Dawa ikiingia jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali.

Dawa ikimwagika karibu na kisima au mfereji wa watu, usiifukie kimya kimya. Toa taarifa serikali ya kijiji.

Karanga zikiwa zimeharibika zaidi ya theluthi moja ya shamba, au unagombana na jirani kuhusu upepo, au na muuzaji kuhusu chupa, usipige kitu kingine juu yake. Ukipiga umefuta ushahidi. Mwite afisa ugani wa kata akiwa shambani, si ofisini. Chupa yenye shaka ifungwe na kubaki na stakabadhi yake; afisa kilimo wa wilaya anaweza kuifikisha TPHPA, mamlaka inayosajili viuatilifu nchini. Ukihitaji macho ya watafiti, TARI Uyole, kituo cha taasisi ya utafiti wa kilimo, ipo Mbeya. Chukua miche mitano mizima na mizizi na udongo wake, na mitano isiyoumia ya kulinganisha. Jani moja kavu lililokunjwa mfukoni halimsaidii mtu.

JE, NIPANDE TENA?

Swali hili huja mwisho na huja na haraka, maana mvua hazingoji. Kwetu Isimani ukivuka katikati ya Januari unacheza kamari, hata kwa aina ya muda mfupi kama Pendo, inayokomaa kwa siku 90 hadi 100. Lakini kabla ya kutupa mbegu nyingine, chukua makopo mawili ya rangi uliyotoboa chini. Moja lijaze udongo wa juu, sentimita 10, kutoka pale karanga zilipofia. Jingine udongo wa kando ya njia ambao haukupigwa dawa. Panda karanga tano kila kopo, mwagilia sawa, weka juani. Wiki mbili hadi tatu utaona. Miche ya makopo yote mawili ikiwa sawa, dawa haiko tena ardhini na kosa lilikuwa kwenye bomba au kwenye majani. Ya kopo la shamba ikijipinda au ikigeuka njano pembeni na ile ya kando ya njia ikiwa imesimama, acha karanga msimu huu. Weka hapo zao ambalo lebo ya dawa hiyo inaliruhusu. Kama ilikuwa ni atrazini, mahindi au mtama vitaota bila shida.